Siku Timu ya Mwisho Ilipomchagua Tata Rwamba

Juzi niliingia duka la dawa pale Makutano, Meru, kumnunulia mtoto wangu dawa ya kikohozi. Mbele yangu alisimama msichana aliyevaa kaptura ya michezo, soksi zimeshushwa hadi vifundoni. Alipopewa tyubu ya dawa ya kuchua misuli hakungoja hata kutoka nje. Aliifungua palepale, akajipaka nyuma ya goti, na duka lote likanuka. Mwenye duka alikunja pua. Mimi nilibaki nimeshika pesa mkononi, machozi yananilengalenga, mpaka mama mmoja nyuma yangu akaniuliza kama hiyo dawa imeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo, ni hiyo dawa. Ilikuwa rahisi kuliko kuanza kumsimulia habari za Tata Rwamba.

Kwetu Mbeere dada ya mama yako ni tata. Rwamba alikuwa kitinda mimba wa Cucu, nyanya yangu, na mimi nililelewa kwao Kiambere kwa sababu mama yangu alikuwa ameajiriwa mbali. Kiambere ni joto la kukausha mate. Umeme unatengenezwa pale chini kwenye bwawa, na nyaya zake zilipita juu ya boma letu zikivuma mchana kutwa, lakini sisi tulisomea taa ya mafuta. Nilikuwa nikidhani ule mvumo ni sauti ya umeme ukitucheka.

Tata alikuwa akisomea ualimu katika chuo kimoja pale Embu mjini. Likizo ikifika alikuja na begi dogo la nguo na begi kubwa la viatu vya mpira. Alfajiri alishuka kwenye mto uliokauka, akakimbia kwenye mchanga mpaka jua likawa kali, kisha akarudi, akaketi kwenye kigoda cha Cucu, akanyoosha miguu mbele yangu na kusema, "Haya daktari, fanya kazi." Kazi yangu ilikuwa kumchua kwa dawa ile. Mikono yangu ilinuka siku nzima, hata chakula nilikila kikiwa na harufu hiyo, na nilijiona mtu mkubwa sana. Aliyekuwa hapendi ni Guka, babu yangu. Alifuga nyuki, na nyuki hawapatani na harufu kali. Akituona tunakaribia mizinga yake alipiga kelele, "Nyinyi wawili mnanuka hospitali! Kaeni mbali na nyuki zangu!"

Nilikuwa nachua mguu wa kushoto siku niliyosikia kwamba Tata atachukuliwa.

Cucu alikuwa kando yetu anachambua ndengu kwenye ungo. Tata alimwambia, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo, kwamba mwezi ujao timu za kulipwa zinakuja Embu kuchagua wasichana wa vyuo.

"Kuchagua wafanye nao nini?" Cucu akauliza.

"Watuchukue, Maitu," Tata akasema, akimwita mama kwa Kimbeere. "Twende tukacheze kwao."

"Na watalipa?"

"Watalipa. Ndio maana zinaitwa timu za kulipwa."

Basi mimi nikaelewa vizuri kabisa. Mwaka uliotangulia binamu yangu mkubwa alikuwa amechukuliwa. Watu walikuja na magari, wakamchagua kati ya wasichana waliofunikwa leso, wakaleta mbuzi na sukari, wakala, wakaimba, na binamu akaenda kwao. Kuchaguliwa, kulipwa na kwenda kwao, kwa akili yangu ya utoto, lilikuwa jambo moja tu. Tata Rwamba anaolewa. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyemtaja bwana harusi.

Cucu hakuridhika, akataka aelezwe utaratibu. Tata akachukua ndengu akazigawa mafungu kwenye ungo. Alisema ligi ya wanawake ilikuwa bado changa, na wenye ligi walikuwa wameiga mtindo wa ng'ambo. Wachezaji wa vyuo wakimaliza msimu wao hawaendi tu kwa timu yoyote wanayoipenda. Timu ndizo huwachagua, kwa zamu, na zamu hizo zimepinduliwa makusudi. Timu iliyoshika mkia ndiyo huanza. Inafuata iliyo juu yake, halafu nyingine, hivyo hivyo mpaka bingwa, ambaye huchagua wa mwisho.

"Ili bingwa asichukue wazuri wote," Tata akamalizia.

Cucu aliyatazama mafungu yale ya ndengu. "Ni kama kupakua chakula," akasema. "Mtoto aliyekuwa mgonjwa anapakuliwa kwanza."

"Kwa hivyo mimi ni chakula, Maitu?"

"Wewe ni ile nyama iko juu. Shukuru Mungu."

Tulicheka, lakini Tata alicheka kidogo tu. Kocha wa mabingwa, timu ya Nairobi, alikuwa amekuja kumtazama chuoni na kumwambia anamtaka. Walikuwa na uwanja wa nyasi, daktari wao, na kila mwaka walipanda ndege kwenda kucheza nchi za watu. Tata aliota uwanja ule mpaka akawa anauongelea usingizini. Nililala naye kitanda kimoja, najua. Lakini ili afike kule ilibidi timu nyingine zote zimpite bila kumwona. Usiku ule katika sala alimwomba Mungu awafumbe macho makocha wote isipokuwa mmoja. Nikasema amina kwa nguvu.

Siku ya kuchagua Guka alikata kauli kwamba anaenda Embu. "Siwezi kusikia habari ya msichana yangu kwa simu," alisema. Alivaa koti lake la kanisani, akachukua bakora, na akanichukua mimi pia kwa sababu nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Embu kulikuwa na baridi. Kwa mtoto wa Kiambere ile ilikuwa baridi ya kutishia maisha, na katika ukumbi wa chuo nilijibana ubavuni mwa Guka, pua yangu imezama kwenye koti lililonuka moshi na nta.

Makocha walikuwa wameketi mbele, kila timu na meza yake. Wasichana waliketi safu za katikati wakiwa wamevaa blauzi zao nzuri na viatu vya raba, kwa sababu wengine hawakuwa na viatu vingine. Wazazi walikuwa wachache, wote nyuma. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akasema timu ya Meru, iliyomaliza ligi ikiwa ya mwisho, ndiyo yenye nafasi ya kwanza.

Akasimama mama mmoja mfupi, mnene kiasi, amefunga leso juu ya suruali ya mazoezi. Huyo alikuwa Madam Kendi, kocha wao. Hakutazama popote wala hakunong'onezana na mtu. Alisema, "Rwamba, wa Kiambere," akaketi.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kuitwa wa kwanza ni heshima, hata mimi niliona hivyo, kwa sababu kule shuleni tukichaguana wa mchezo wa kati mimi niliitwa wa mwisho kila siku. Lakini Tata alibaki ameketi mpaka msichana wa jirani yake akamsukuma begani. Alienda mbele, akavishwa jezi ya manjano iliyomfika magotini, akapigwa picha. Alitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mimi nilikuwa na shughuli yangu nyingine. Niliitazama meza ya Meru nikimtafuta bwana harusi, nikampata. Kando ya Madam Kendi alikuwepo kijana mrefu, mwenye pengo mbele, akipiga makofi kuliko wote. Moyo wangu ulishuka. Pengo lile lingetosha kupitisha kidole.

Ndipo Guka akainuka. Hakupaza sauti, lakini alipigisha bakora sakafuni, na watu wakageuka.

"Mnaenda na yeye wapi?"

Mshereheshaji alicheka kwa adabu. "Mzee, kaa tu chini. Hii ni utaratibu ya ligi."

"Nimesikia ya ligi. Na utaratibu ya nyumbani?" Guka akauliza. "Huyu msichana ako na kwao. Mmetaja jina yake hapa mbele ya watu, na hakuna mtu amekanyaga boma yangu. Hata yeye mwenyewe hamjamuuliza."

Watu walicheka, si kwa ubaya, lakini nilihisi masikio yangu yanawaka. Tata kule mbele alikuwa ameangalia viatu vyake. Madam Kendi peke yake hakucheka. Aliondoka mezani, akaja mpaka nyuma tulikoketi, akamshika Guka mkono kwa mikono yake miwili na kuinama kidogo.

"Umesema ukweli, Mzee," alimwambia. "Tutakuja nyumbani."

Nyumbani Tata alilia siku mbili. Alilia akikamua mbuzi, akilisha kuku, akinisuka nywele, mpaka kichwa changu kikaloa. Sheria ilikuwa hivi: hakuna aliyemlazimisha kusaini na timu ya Meru, lakini asiposaini kabla mwezi haujaisha, hakuna timu nyingine ambayo ingeruhusiwa kumgusa mpaka msimu mzima uishe. Kocha wa Nairobi alimpigia simu, akampa pole, akasema sheria ni sheria. Kwa mchezaji msimu mmoja wa kukaa nje si mchezo. Miguu inapoa, jina linasahaulika, na mwaka unaofuata wanachagua wengine wadogo zaidi. Kwa hiyo alikuwa na njia mbili. Aende kwa timu iliyofungwa na kila mtu, au akae Kiambere na mchanga wake wa mto.

"Hawakuniuliza hata swali moja," alimwambia Cucu. "Hata wa kununua mbuzi huuliza kama amekula."

Cucu alimwambia Wameru ni watu wetu tu, ila wanaongea haraka, atazoea. Guka yeye hakumshauri lolote. Tata akimtazama kwa jicho la kuomba neno, alisema kitu kimoja kilekile. "Wakuje. Wasipokuja, hakuna saini. Wakikuja, tutauliza."

Walikuja Jumamosi, kwa pikapu ya kubeba miraa iliyokuwa bado na majani sakafuni. Madam Kendi alikuwa amevaa gauni na kilemba, nusura nisimtambue. Na aliyeendesha, Mungu nisaidie, alikuwa yule kijana wa pengo. Walikuwa wawili tu. Walileta sukari, unga, blanketi la Cucu, na kreti ya soda ambayo kijana aliishusha kwa uangalifu na kuiweka mbele ya kiti cha Guka.

Hapo lazima nieleze jambo, kwa wasiotoka kwetu. Wageni wakija kwa ajili ya msichana, kinywaji walicholeta hakiguswi. Zamani kilikuwa pombe ya asali. Guka alikuwa mzee wa kanisa na pombe aliiacha, kwa hiyo siku hizo ilikuwa soda, lakini sheria yake haikubadilika. Mambo yote yanazungumzwa kwanza, kisha baba anamwita msichana, anamuuliza mbele ya wote, hadi mara tatu, "Tunywe?" Akisema kunyweni, amekubali. Akinyamaza, au akisema hapana, wageni hupakia kinywaji chao na kurudi kwao, bila matusi wala ugomvi. Binamu yangu alipoulizwa mwaka ule alijibu haraka mpaka wanawake wakamcheka.

Kwa hiyo nilipoona kreti, shaka yote iliniisha. Nilimfuata yule kijana kwenye kivuli cha ghala, alikokuwa amejiegemeza akijipepea kwa kofia.

"Unaitwa nani?"

"Salim."

"Wewe ndio utamchukua Tata?"

"Mimi ndiye, mdogo wangu. Wakikubaliana leo, Jumatatu naja kumchukua na vitu vyake."

"Uko na nyumba?"

"Nakaa na mama yangu, huko Majengo."

Niliyameza hayo kwa shida. "Unaenda kanisa gani?"

"Kanisa?" Akacheka, pengo lote nje. "Mimi ni Muislamu, bwana."

Nilirudi kwa Cucu mbio, nikamvuta leso, lakini alinikanyaga mguu ili ninyamaze kwa sababu mazungumzo yalikuwa yameanza. Ikabidi nimeze siri yangu na kukaa chini, jasho linanitoka.

Guka alikuwa akizungumza Kiswahili, kwa heshima ya Salim, kwa sababu Kimeru na Kimbeere vinasikilizana kiasi lakini Salim alikuwa mtu wa mjini. Aliuliza msichana atalala wapi. Madam Kendi akasema atalala kwake, chumba kimoja na binti yake. Aliuliza kama ataruhusiwa kumaliza chuo. Akasema kila mtihani atapelekwa Embu na kurudishwa. Guka akauliza kuhusu uwanja.

"Mzee, sitakudanganya," Madam Kendi akasema. "Uwanja tunagawana na ng'ombe za watu. Na sisi ni wa mwisho. Usisikie mtu akikuambia tulikuwa na bahati mbaya. Tulifungwa sababu tulikuwa wabaya."

"Sasa mnamtakia nini huyu?"

"Nilimuona akicheza. Chuo chao ilikuwa imefungwa nne. Dakika zimeisha, wengine wameshika kiuno, na huyu bado anakimbia kama ndio mpira umeanza. Wachezaji wazuri timu ikishinda ni wengi, Mzee. Mimi nataka yule wa kufungwa nne. Sababu sisi tutafungwa sana."

Cucu alicheka akaficha mdomo. Tata, aliyekuwa ameketi mlangoni na macho chini, aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu wageni wafike.

"Madam," akasema, "na nikikataa?"

Hilo halikuwa swali la msichana kuuliza wakati wazee wanazungumza, lakini Guka hakumkemea.

"Ukikataa, sheria ya ligi inasema utakaa nje msimu wote," Madam Kendi akajibu. Alijifuta jasho kwa pembe ya kilemba. "Lakini mimi sitakuweka nje. Kesho nitawapigia niwaambie nimekuachilia, uende kwa wenye unataka. Nitakuwa nimepoteza ile nafasi ya kwanza, basi. Mtu wa kulazimishwa nitamfanyia nini kwa uwanja?"

"Ai, Madam!" Salim akapiga kelele kutoka ghalani.

Guka alikuwa tayari ameshika chupa moja ya soda ili awarudishie wageni. Aliirudisha kwenye kreti polepole. "Sasa hiyo ndio maneno," alisema. Akanyoosha koti, akamgeukia bintiye, na kumuuliza kwa Kimbeere, taratibu, kama ilivyo desturi, "Rwamba, hawa watu wamekuja na wamesema yao. Tunywe?"

Tata hakujibu. Kuku walikuwa wakiparua kando ya jiko. Nyaya za umeme zilivuma juu yetu. Madam Kendi alikuwa ameikunja mikono mapajani, na hakumtazama Tata, nadhani ili asimsukume kwa macho. Sasa najua alichokuwa akikipima. Nairobi ilikuwa imerudi mikononi mwake, uwanja wa nyasi na ndege na daktari, na angeipata kwa kunyamaza tu.

"Rwamba," Guka akasema mara ya pili. "Tunywe?"

Mimi nilishindwa. Niliruka nikasimama katikati ya wazee.

"Tata, usikubali! Anaishi na mama yake! Na ni Muislamu, na ako na pengo!"

Nilimwonyesha Salim kwa kidole. Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Madam Kendi akaangua kicheko kilichomtoa kilemba, Cucu akajipiga mapaja, na Salim akatoka ghalani ameinua mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. "Walahi mimi niko na bibi! Mimi ni dereva tu!" Guka alijaribu kukunja uso lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Tata alicheka mpaka akalala kwenye kizingiti, na machozi yaliyomtoka safari hii yalikuwa mengine.

Alipotulia, alinivuta akanipakata, ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa kutopakatwa. Nilisikia moyo wake unapiga mgongoni mwangu.

"Guka atakuuliza tena," nilimnong'oneza.

"Najua."

Na Guka akauliza mara ya tatu.

"Nina neno moja kwa Madam," Tata akasema. "Tukianza kushinda, mkapata wengine wazuri, usinikalishe benchi."

"Ukianza kucheza vibaya nitakukalisha," Madam Kendi akamjibu papo hapo. "Lakini nitakuambia kwa nini."

Tata alitikisa kichwa kwamba amesikia. Aliniweka chini, akaenda kwenye kreti, akafungua chupa kwa mpini wa kijiko, akanywa funda moja yeye mwenyewe, kisha akampa baba yake kwa mikono miwili.

"Baba, kunyweni."

Cucu alipiga vigelegele. Ile soda ilikuwa imechemshwa na jua la njia nzima kutoka Meru, na Guka alipoinywa ilimpanda puani akapiga chafya mara nyingi, lakini hakuiweka chini. Salim alinipa yangu na kuniomba msamaha kwa sababu ya pengo lake.

Ningependa kusema kwamba timu ya Meru ilishinda ligi mwaka ule. Haikushinda. Ilishika mkia tena, na Tata alirudi likizo na vidonda vya magoti ambavyo hata daktari mwenye uzoefu kama mimi hakuviweza. Miaka ikapita wakapanda, wakashuka kidogo, wakapanda. Ng'ombe walifukuzwa uwanjani. Tata alivaa manjano mpaka goti la kulia likamwambia basi, na leo anafundisha darasa la nne na kuwapigia kelele watoto wa mazoezi ya jioni uwanjani, na bado akikutana na Madam Kendi wanabishana kuhusu mechi ambazo sisi wengine tumezisahau. Nairobi haitaji. Niliwahi kumuuliza kama aliijutia, akaniambia alijuta siku za mvua.

Lakini si mpira ninaoushukuru zaidi. Nimekuwa mtu mzima, nimeona jinsi watu wanavyochaguliwa. Umehamishwa, umeteuliwa, umepangiwa, jina lako limesomwa mbele ya watu, na makofi yanapigwa kabla hujainuka kitini. Mara nyingi wanaokuchagua wanakutakia mema kabisa. Inapotokea hivyo ninajikuta namngojea mzee mwenye koti la moshi apigishe bakora sakafuni. Guka alishazikwa, na sikuwahi kumwambia alichonipa siku ile. Naamini Tata alimwambia kwa niaba yetu sote wawili, kwa sababu nilikuwepo.

Ilikuwa jioni hiyo hiyo, wageni wameshaondoka. Guka alikuwa zizini anafunga mbuzi, nami nimemshikia kamba. Tata alikuja akasimama kwenye lango la zizi, ana jezi ile ya manjano mkononi, asijue aanzie wapi. Kwetu mtoto hamwambii baba yake mambo ya moyoni hivi hivi.

"Baba," akasema mwishowe, "asante kwa kuniuliza. Ungeweza kujibu wewe."

Guka alimalizia fundo lake, akalivuta kulipima kama limeshika, akamtazama kama mtu aliyeambiwa jambo la ajabu.

"Nijibu mimi? Kwani ni mimi nitacheza?"